Zima Intaneti Kwanza: Namna ya Kununua Gemu Ikawa Yako Kweli

Kibandani kwetu ubishi ni uleule kila wiki: CD au kudaunlodi? Wa CD anasema, "Mimi yangu naishika mkononi, wewe una nini?" Wa kudaunlodi anamjibu kwamba CD yake ina mikwaruzo kama barabara ya vumbi na kesho itagoma. Nimekaa pande zote mbili za ubishi huo, na pande zote mbili nimeliwa hela.

Mimi siku hizi nauliza mambo mawili tu. Ukikata intaneti, gemu inafunguka? Na kuna mtu mahali anayeweza kuizima wewe ukiwa bado unaitaka?

Chukua The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft iliyotoka Desemba 2014. Iliuzwa kwenye CD, kasha zuri, kila kitu. Lakini ilitaka seva ya kampuni, yaani kompyuta yao ya mtandaoni, hata ukicheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na mwenye CD na risiti yake akabaki na kitu cha kutundika shambani kutishia ndege. Kwa upande mwingine, duka la GOG tangu 2008 linauza gemu za kompyuta ambazo unapakua faili lake, unalihifadhi, na hakuna anayekuuliza tena. Hiyo haina plastiki hata chembe, lakini ni yako kuliko CD ile ya The Crew.

Kwa hiyo mwongozo huu haukuambii uchague upande. Unakupa namna ya kupima kabla hujatoa hela.

Hatua ya 1: Jua unauziwa nini hasa

Neno "nunua" kwenye duka la mtandaoni limebeba mambo mengi. Jimbo la California, Marekani, lilipitisha sheria Septemba 2024, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2025: muuzaji wa bidhaa za kidijitali haruhusiwi kutumia neno hilo bila kumwambia mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Oktoba 2024 Steam, duka la gemu za kompyuta la kampuni ya Valve, wakaweka ilani hiyo pale pale pa kulipia. Watu wengi walishtuka kana kwamba kuna kitu kimebadilika. Hakuna kilichobadilika, ila maneno yaliyokuwa yamefichwa kwenye mkataba wa kurasa nyingi yaliletwa mezani. Na sheria hiyo ina mwanya mmoja ninaoupenda: haimgusi muuzaji anayekupa faili unaloweza kulipakua na kulitumia bila mtandao, ambalo hana uwezo wa kulizuia tena.

Kwa lugha ya mtaani, vitu vinavyouzwa viko hivi. Kuna CD au kadi yenye gemu nzima ndani. Kuna CD au kadi ambayo ni funguo tu, gemu yenyewe unapakua. Kuna leseni inayokaa kwenye akaunti yako, kama gemu za PlayStation Store, Xbox na nyingi za Steam. Kuna faili lisilo na kufuli, kama la GOG. Na kuna kukodi: gemu za kila mwezi za PlayStation Plus na zile za Game Pass ya Xbox. Ukiacha kulipia, zinafungwa, hata kama faili limejaa kwenye mashine yako.

Kukodi si dhambi. Kosa ni kudhani umenunua.

Hatua ya 2: Soma kasha, hasa maandishi madogo

Hapa ndipo wengi tunapoteleza, maana kasha la gemu nzima na kasha la funguo yanafanana kama mapacha.

Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022 ni mfano mzuri. Diski ya PS5 inaweza kubeba hadi GB 100. Ile ya gemu hiyo ilikuwa na data isiyofika hata MB 100. Iliyobaki yote ulipaswa kuivuta kwenye mtandao. Yaani umelipa bei ya CD, na bando pia umenunua.

Geuza kasha. Angalia nyuma, chini kabisa, na pembeni ya mbele. Unatafuta sentensi ya Kiingereza inayosema lazima uwe na intaneti, au lazima upakue. Pima maneno yake: kama inasema intaneti ni kwa kucheza na wenzako tu, hiyo haina neno. Kama inasema inahitajika ili gemu ifunguke, rudisha rafuni mpaka ujue zaidi.

Kwa Nintendo Switch 2, iliyoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025, kuna aina mpya: kadi yenye funguo ndani na si gemu. Mbele ya kasha, sehemu ya chini, kuna mstari wenye picha ya ufunguo. Unaichomeka, inapakua, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwe ndani. Faida yake moja ni kwamba unaweza kuiuza au kumwazima mtu. Hasara yake ni kwamba siku seva ya kupakulia ikizimwa, mwenye mashine mpya atabaki na kadi tupu. Kuna pia makasha yasiyo na kitu ndani zaidi ya karatasi yenye namba za kupakulia. Kwa kompyuta, karibu kila kasha siku hizi liko hivyo. Karatasi hiyo ikishatumiwa mara moja imekwisha, usiinunue mtumba hata kwa bei ya andazi.

Kama una simu mkononi pale dukani, kuna kundi la wapenzi wa gemu linaloitwa Does it Play? Wao hukaa na kuchomeka CD moja moja bila intaneti na kuandika kwenye tovuti yao, doesitplay.org, kama gemu inamalizika hivyo au la. Tafuta jina la gemu na aina ya mashine yako. Mimi sinunui CD mpya bila kupita hapo kwanza.

Na kabla ya yote hayo: mashine yako ina mahali pa kuingizia CD? PS5 ya Digital Edition haina. Xbox Series S haina. PS5 Pro ya Novemba 2024 inauzwa bila hicho kifaa, unanunua pembeni. Ile PS5 nyembamba ya 2023 kifaa chake kinabanduka, na ukikiweka mara ya kwanza kinataka intaneti ili kitambuliwe. Nimeona mtu ametoka Kariakoo na CD nne na Series S mpya.

Hatua ya 3: CD imetoka wapi?

Huku kwetu CD nyingi huja na mtu: mjomba yuko Dubai, shangazi yuko Muscat, rafiki amerudi kutoka Uingereza. CD za gemu za PS4 na PS5 zinacheza kwenye mashine ya nchi yoyote, na kadi za Switch vilevile. Hilo ndilo watu wanalolijua. Wasilolijua ni kwamba nyongeza zake hazina uhuru huo. Ukinunua kipande cha nyongeza, au pointi za kununulia wachezaji kwenye gemu ya mpira, kwa akaunti ya Marekani huku CD ni ya Ulaya, kitapakuliwa, kitalipiwa, na gemu haitakitambua.

Angalia alama ya umri kwenye kasha. Herufi kama E, T au M kwenye kisanduku cha mstatili cheusi na cheupe ni ya Marekani. Namba kama 3, 12 au 18 yenye neno PEGI ni ya Ulaya. Ubavuni mwa kasha kuna namba inayoanza na CUSA kwa PS4 au PPSA kwa PS5. Kama unanunua sehemu mbili za gemu moja kwa nyakati tofauti, linganisha namba hizo.

Kuhusu akaunti yenyewe: PlayStation haijafungua huduma yake rasmi kwa nchi zetu, kwa hiyo watu hujiandikisha kwa nchi nyingine na kulipa kwa kadi za zawadi za nchi hiyo. Nchi ya akaunti haibadilishwi baada ya kujisajili. Chagua inayolingana na CD zinazopatikana mtaani kwako, si ile uliyoikuta kwenye video ya kwanza.

Na ujue hatari yake. Mei 2024 Sony, wenye PlayStation, walitaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe akaunti ya PlayStation. Kelele zikapigwa, wakaacha ndani ya siku chache. Lakini gemu ilikwisha kuondolewa kuuzwa kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma hiyo, sehemu kubwa ya Afrika ikiwemo. Hakuna aliyekosea kitu huku kwetu. Tulikuwa tu upande usiofaa wa orodha.

Hatua ya 4: Kagua CD ya mtumba

Itoe kwenye kasha, igeuze kwenye mwanga, izungushe taratibu. Mikwaruzo myembamba kama nywele si kitu. Mkwaruzo unaoushika kwa ukucha ni wa kukimbia.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu dawa ya meno. Enzi za PS2 tulisugua CD kwa dawa ya meno na ikafunguka, na si uchawi. Kwenye DVD, data imefichwa katikati ya plastiki, kama milimita 0.6 kutoka upande unaosomwa, kwa hiyo ukisaga uso kidogo hujaifikia. Diski za PS3, PS4 na PS5 ni Blu-ray, na data yake iko milimita 0.1 tu chini ya uso. Ndiyo maana wamezipaka ngozi ngumu, na ndiyo maana hazikwaruziki ovyo. Lakini mkwaruzo ukishapita ile ngozi, hakuna dawa ya meno wala mashine ya kusaga itakayokusaidia, utakuwa unajimalizia mwenyewe. Futa kwa kitambaa laini kikavu, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Usizungushe kama unaosha sahani.

Kadi za Switch hazina shida ya mikwaruzo, shida yake ni udogo, zinapotea kama pini. Nintendo wamezipaka kitu kichungu ili watoto wasizimeze. Nimeonja. Ni kweli.

Mwombe muuzaji ichezwe mbele yako kwa dakika kumi. Akisema mashine haipo, mwambie utarudi ikiwepo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya bando

Gemu ya GB 60 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde inachukua kama saa 13 na dakika 20, umeme usipokatika. Kwa mwenye waya wa faiba nyumbani hilo ni jambo la kulala na kuamka. Kwa anayetumia bando la simu, chukua bei ya GB 1 kwenye mtandao wako, zidisha mara 60, kisha jumlisha na bei ya gemu. Mara nyingi CD iliyoonekana ghali inageuka rahisi hapo hapo.

Ila kumbuka kwamba CD nayo ina apdeti. Yenye gemu nzima unaweza kuikatalia apdeti ukaicheza kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na kasoro zake.

Hatua ya 6: Fanya jaribio

Hili lifanye siku ile ile ya kwanza, kabla muda wa kurudisha haujapita.

Kwa CD: ingia kwenye mipangilio, zima intaneti ya mashine kabisa, ndipo uingize CD. Iache ijisakinishe, kisha cheza nusu saa. Ikifika hapo bila kulalamika, weka kasha kabatini kwa amani.

Kwa gemu ya kupakua kwenye PS5: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya watumiaji na akaunti, kisha kile kipengele cha mengineyo. Ndani yake kuna swichi ya kushea konsoli na kucheza bila mtandao. Hakikisha imewashwa kwenye mashine yako. Kwenye PS4 unaiweka kuwa mashine kuu ya akaunti, na kwenye Xbox unaiweka kuwa Xbox ya nyumbani. Ukisahau hatua hii, siku intaneti ikikatika gemu ulizolipia zitakufungia mlango. Baada ya hapo zima intaneti ujaribu.

Kwa Steam, fungua gemu mara moja ukiwa mtandaoni, kisha iweke Steam kwenye hali ya kucheza bila mtandao. Ikigoma, Steam hurudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. PlayStation nao wana siku 14, lakini ukishaanza tu kupakua, haki hiyo kwa kawaida imekwisha. Kwa hiyo huko fanya uchunguzi kabla, si baada.

Sasa nikuambie kosa langu. Kuna wale wanaouza "akaunti ya kushea" kwenye WhatsApp: unapewa jina na nenosiri, unapakua gemu kwa robo ya bei, kisha unacheza kwa akaunti yako. Nilinunua ya gemu mbili. Ilifanya kazi wiki sita. Asubuhi moja nikakuta alama ya kufuli juu ya picha zote mbili, na mwenye namba haonekani tena. Alikuwa ameiondoa mashine yangu na kumuuzia mwingine nafasi ile ile. Ningemshtaki wapi? Mkataba wa huduma yenyewe unakataza mchezo huo, kwa hiyo hata kulalamika ningekuwa najishtaki mwenyewe. Akaunti iwe na barua pepe yako, namba yako ya simu, na uthibitisho wa hatua mbili. Isipokuwa hivyo, wewe ni mgeni.

Hatua ya 7: Hifadhi kilicho chako

Ukinunua GOG, usiishie kubonyeza na kucheza. Kwenye ukurasa wa maktaba yako kuna faili za kusakinishia bila mtandao. Zipakue, ziweke kwenye eksteno (diski ya nje ya kuhifadhia), zima intaneti, usakinishe kutoka humo ili ujue zinafanya kazi. Ziwe na nakala sehemu mbili, maana eksteno nayo huanguka. Kwa CD, zisimamishe wima ndani ya makasha yake, mbali na dirisha. Sisi wa pwani tuna chumvi na unyevu hewani, kabati kavu lina kazi kubwa kuliko unavyodhani.

Maduka hufungwa. Nintendo walifunga mauzo ya mtandaoni ya Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023. Xbox 360 ikafuata tarehe 29 Julai 2024. Tangazo likitoka, usingoje wiki ya mwisho: nunua nyongeza ulizotaka, na pakua apdeti zote za gemu ulizonazo.

Hatua ya 8: Gemu za mpira na za seva, zipe hesabu yake

Kampuni ya EA ilipoachana na jina la FIFA kwenye gemu zake za mpira, Septemba 2023 waliondoa gemu zao za zamani za FIFA kwenye maduka ya mtandaoni. Aliyekwisha kununua bado anaweza kuipakua. Asiyenunua hawezi tena, ila akizunguka mtaani CD ya FIFA 23 ataipata. Hapo CD imeshinda wazi. Kampuni ya Konami nayo tangu 2021 iligeuza PES, gemu yake ya mpira, kuwa eFootball, ya bure na ya kupakua tu, kwa hiyo huko hakuna CD ya kubishania.

Gemu inayoishi kwenye seva peke yake, ihesabu kama tiketi ya mechi: umelipia burudani ya muda. Overwatch ya kwanza ilizimwa Oktoba 2022 na CD zake zikazimika nayo. Concord ya Sony ilitoka tarehe 23 Agosti 2024 na kufungwa tarehe 6 Septemba, wiki mbili tu, japo hapo walionunua walirudishiwa fedha. Kule Ulaya, kampeni iliyoanzishwa na Ross Scott, mtu wa video za gemu YouTube, mwaka 2024 baada ya kifo cha The Crew ilikusanya saini zaidi ya milioni 1 za kutaka kampuni ziache gemu katika hali ya kuchezeka zinapoondoka. Mpaka hilo liwe sheria, lipa bei ya tiketi, usilipe bei ya nyumba.

Hatua ya 9: Kuuza

Leseni ya akaunti haiuzwi, wala mkataba wa Steam hauruhusu umpe mtu akaunti. Huko Ufaransa chama cha kutetea walaji kilishinda kesi dhidi ya Valve mwaka 2019 kuhusu haki ya kuuza gemu za kupakua, lakini mahakama ya rufaa ikaigeuza hukumu mwaka 2022. CD unaiuza, unaazima, unabadilishana na jirani.

Gemu za mpira ziuze Julai au mapema Agosti. Ikifika Septemba mpya inatoka, na ya zamani bei inaporomoka kwa wiki moja. Mwambie mnunuzi ukweli kuhusu nyongeza: zile ulizonunua zinabaki kwenye akaunti yako, haziendi na CD. Kama unauza na mashine yenyewe, ondoa kwanza ile swichi ya mashine kuu, kisha ifute irudi kama ilivyotoka kiwandani. Na kabla hujamkabidhi mtu, bonyeza kitufe cha kutoa CD. Ya kwangu ya Red Dead Redemption 2, ile ya pili ya kuchezea, iko Tabata mpaka leo. Mimi nimebaki na ya kusakinishia.